Jumamosi Ilitoka Wapi? Muda, Burudani na Mabadiliko ya Jamii Nyanda za Juu Kusini

Jumamosi jioni, mtu anayeshuka kwenye daladala pale Mwanjelwa jijini Mbeya hahitaji saa ya mkononi kujua kwamba mechi za Ligi Kuu ya Uingereza zimekaribia. Nje ya kila kibanda umiza kuna ubao ulioandikwa kwa chaki majina ya timu na muda wa kuanza, mlangoni amekaa kijana anayepokea mia tano mia tano, na ndani mabenchi ya mbao yamejaa kabla picha haijatulia kwenye skrini. Tangu mwishoni mwa Oktoba hadi mwishoni mwa Machi mechi nyingi za siku hiyo huanza saa kumi na mbili jioni, na miezi iliyobaki huanza saa kumi na moja, kwa kuwa Waingereza husogeza saa zao mbele wakati wa kiangazi chao nasi hatusogezi. Mtazamaji ameshazoea na haulizi. Hata hivyo swali lipo: kwa nini iwe Jumamosi, na kwa nini iwe saa hiyo?

Jibu linaanzia mwaka 1850, pale Bunge la Uingereza lilipopitisha sheria ya viwanda iliyoagiza kwamba wanawake na vijana walioajiriwa katika viwanda vya nguo waachiwe saa nane mchana kila Jumamosi. Mitambo haikuweza kuendeshwa bila wao, kwa hiyo wanaume nao wakaachiwa, na miji mizima ikajikuta ina maelfu ya watu wenye mshahara mfukoni, wenye nusu siku isiyo ya mwajiri, na wote wameipata kwa wakati mmoja. Chama cha soka cha Uingereza kiliundwa mwaka 1863, ligi ikaanza mwaka 1888, na mechi zikapangwa saa tisa alasiri ili mfanyakazi apate nafasi ya kurudi nyumbani, kula na kutembea hadi uwanjani. Saa tisa yao wakati wa baridi ndiyo saa kumi na mbili yetu. Mkulima wa viazi wa Uporoto, ambaye hana mwajiri wala Jumamosi aliyopewa na sheria, anakatisha palizi mapema ili awahi muda uliopangwa kwa ajili ya wafuma pamba waliokwishakufa zaidi ya karne moja iliyopita.

Nimeanza na mfano huo kwa sababu mazungumzo yetu kuhusu burudani kwa kawaida huishia kwenye tabia. Husemwa kwamba vijana wa siku hizi hawapendi ngoma, hawasomi, hawatulii, wamepotelea kwenye simu. Na wazee nao, tukiwasikiliza vizuri, waliambiwa hayo hayo na baba zao kuhusu dansi na gramafoni. Maelezo ya tabia ni mepesi mno. Mapenzi ya mtu kwa jambo fulani yapo, lakini yanaota ndani ya muda alionao, na muda huo una umbo: unaweza kuwa miezi miwili mfululizo baada ya mavuno, au alasiri moja kwa juma, au dakika kumi kati ya abiria mmoja na mwingine. Tena una mwenyewe, ambaye si lazima awe yule anayeutumia. Umbo la muda likibadilika, burudani nayo hubadilika, hata kama mioyo ya watu imebaki ileile.

Maneno yenyewe yanaonyesha tofauti hiyo. Burudani ina undugu na kuburudika, yaani kupoa, na picha iliyomo ni ya mtu mwenye jasho aliyepata kivuli; haisemi yuko peke yake au na wenzake. Hobi tumelichukua kwa Waingereza, ambao kwao lilikuwa jina la farasi mdogo, kisha la farasi wa mti wa kuchezea watoto, kabla ya kuwa jina la shughuli ambayo mtu huipenda na huifanya kwa hiari yake. Neno hilo linamdhania mtu mmoja mwenye saa zake mwenyewe, na ndiyo maana linakaa vizuri kwenye wasifu wa kuombea kazi. Nimesoma wasifu wa namna hiyo mara nyingi, na chini kabisa hukuta yaleyale: kusoma vitabu, kuangalia mpira, kusafiri. Sijaona hata mmoja ulioandikwa "kupiga soga", ingawa hiyo ndiyo shughuli ambayo wengi wetu tumeipa saa nyingi kuliko nyingine zote.

Wanyakyusa wana jina la shughuli hiyo, nao hawaioni kuwa upuuzi. Huiita ukwangala, yaani raha ya kukaa na kuzungumza na watu mnaolingana. Wanaanthropolojia Godfrey na Monica Wilson, waliofanya utafiti Unyakyusa kati ya mwaka 1934 na 1938, walikuta kwamba hata makazi yalipangwa kwa kuizingatia: wavulana wa umri wa miaka kumi hivi waliondoka nyumbani kwa wazazi, wakajenga vibanda vyao pembeni, wakawa wanalala huko na kurudi kula kwa mama zao, na walipokua na kuoa waliendelea kuishi pamoja kama kijiji cha rika moja. Kijana alijifunza adabu, hoja na utani kwa wenzake, na kumkaribisha mwenzako chakula ilikuwa sehemu ya mazungumzo yenyewe. Mtu mzima aliyependa kula peke yake alitiliwa shaka, na shaka hiyo haikuwa ndogo, kwani ingeweza kufika kwenye tuhuma za uchawi. Kwa hiyo mapumziko hayakuwa kinyume cha kazi, bali yalikuwa wajibu wa raia mwema. Ni lazima kuongeza kwamba raha hiyo ilikuwa zaidi ya wanaume. Mke alihamia kijiji cha rika la mumewe, akiwaacha wenzake aliokua nao, na chakula kilichoyanogesha mazungumzo kilitoka jikoni kwake.

Kwa Wahehe, Wabena na Wakinga, ambako kiangazi kinakausha nchi kwa miezi kadhaa, muda wa ziada ulikuja kwa vipande vikubwa vya msimu. Mavuno yakishaingia ghalani, Juni hadi Agosti, baridi ikiwa kali na shamba halina la kufanya, ndipo ngoma, posa na harusi zilipopangwa. Masika nayo yalikuwa na burudani yake, ulanzi, yaani pombe ya mwanzi, ambao hautegemei ratiba ya mtu yeyote. Mgemaji hukata ncha ya chipukizi changa la mwanzi, hutundika mbeta kupokea utomvu unaodondoka, na hurudi asubuhi na jioni kuparua tena pale palipokauka. Ukinywewa siku hiyohiyo ni mtogwa, mtamu, hata mtoto huonjeshwa. Ukilala ukachacha unakuwa mkangafu, ambao humfanya mtu asahau njia ya kwao. Mianzi huchipua kwa mvua, na mvua ikikatika kilabu hunyamaza. Ni kalenda ambayo haikuandikwa na serikali, kanisa wala mwajiri, na bado inafuatwa.

Kalenda nyingine ilikuja na dhahabu. Kuanzia miaka ya 1920 machimbo ya Lupa, huko Chunya, yaliwavuta vijana kutoka Rungwe, Njombe na mbali zaidi, na mji wa Mbeya ulikua kwa sababu hiyo. Mchimbaji hakuwa na kiangazi; alikuwa na mwezi wa kazi, siku ya mshahara na Jumapili. Muda wake ulikatwa vipande vya aina moja, na fedha taslimu ikaingia katika burudani kwa mara ya kwanza kwa kiwango kikubwa. Wakati huohuo ngoma zilizoletwa na vita zilikuwa zinaenea. Beni, iliyoanza miji ya pwani ya Kenya miaka ya 1890, ilibebwa na askari na wapagazi wa Vita vya Kwanza vya Dunia hadi bara, na pande za Ziwa Nyasa ikazaa mganda: wanaume katika safu zilizonyooka, kaptura nyeupe na soksi ndefu, ngoma kubwa, na vibuyu vilivyowambwa utando vikilia kama tarumbeta. Vikundi vilikuwa na wafalme na makapteni wao wenyewe.

Kwa mtazamaji wa juujuu mganda ni uigaji wa gwaride la Mzungu, na wakubwa wa kikoloni walidhani hivyo, isipokuwa pale walipohofu kwamba ni njama. Mwanahistoria Terence Ranger, aliyeichunguza beni na jamaa zake katika utafiti uliotoka mwaka 1975, alionyesha kwamba vyama hivyo vilikuwa pia mtandao wa kusaidiana: mgeni aliyefika mji asiojua mtu alipata pa kulala, na aliyekufa ugenini alipata wa kumzika. Kijana aliyeacha kijiji cha rika lake alikuwa amepoteza ukwangala, naye akaujenga upya kwa vifaa alivyovikuta, na kifaa kilichokuwa karibu kilikuwa gwaride.

Muda, hata hivyo, si jambo pekee. Kuna suala la nani anaruhusiwa kuita shughuli fulani burudani, na hapa uwindaji unafundisha kuliko mfano mwingine wowote. Wahehe waliwinda kwa nyama, kwa pembe, kwa ulinzi wa mashamba, na bila shaka kwa raha ya kuwinda. Mwaka 1896 gavana wa Kijerumani, Hermann von Wissmann, alitoa amri ya wanyamapori iliyoweka leseni na mapori ya akiba. Mwaka 1910 likatengwa pori la akiba la Saba, ambalo baada ya mabadiliko ya jina na mipaka lilizaa Hifadhi ya Taifa ya Ruaha mwaka 1964. Kuanzia hapo tendo lilelile, mnyama yuleyule na nyika ileile viligawanyika: mwenye leseni alikuwa anafanya mchezo wa kiungwana, asiyekuwa nayo alikuwa jangili. Mchumi wa Marekani Thorstein Veblen alikwisha kuandika mwaka 1899 kwamba tabaka la wenye nacho hupenda shughuli zinazotangaza kuwa hawahitaji kufanya kazi ili waishi, na uwindaji ulikuwa miongoni mwa mifano yake. Hakuwa anaizungumzia Iringa, lakini angeielewa haraka.

Kisa cha Kitulo kinaenda upande mwingine. Uwanda huo wa juu, ulio kati ya Makete na Rungwe, ambao wenyeji na wageni huuita Bustani ya Mungu, ulitangazwa kuwa hifadhi ya taifa mwaka 2005, ukiwa na ukubwa wa kilomita za mraba 413, na ulipata sifa kwa maua yake yanayochanua wakati wa mvua, hasa okidi. Kabla ya hapo okidi hizo zilikuwa na thamani chini ya ardhi, si juu yake. Viazi vyake vilichimbwa na kusafirishwa kwa magunia hadi Zambia, ambako husagwa, huchanganywa na karanga na kupikwa kuwa chikanda, chakula kinachopendwa sana huko. Miji ilipokua Zambia mahitaji yalipanda, na uchimbaji ukavuka mpaka. Mwanamke aliyekuwa akikwea uwandani na jembe kuvichimba alikuwa kazini. Leo kijana wa Dar es Salaam anakwea palepale na kamera, naye yuko mapumzikoni. Ua halijabadilika. Vivyo hivyo mlima Loleza ulio juu ya jiji la Mbeya: kizazi kilichopita kiliupanda kutafuta kuni na malisho, na wajukuu wake wanaupanda Jumapili wakiwa na maji ya chupa na viatu vya michezo, jambo ambalo bibi mmoja niliyepishana naye njiani, mwenye mzigo wa kuni kichwani, alilitazama kwa huruma ya kweli. "Pole, mwanangu," aliniambia, akidhani nimetumwa.

Burudani iliyodumu kuliko zote katika nyanda hizi, kwa maoni yangu, ni ile ambayo wenyewe hawaiiti burudani: kwaya. Wamoravia na Walutheri wa misheni ya Berlin walifika Unyakyusa mwaka 1891, wakaleta nyimbo za sauti nne na matarumbeta, na leo ni vigumu kupata kata isiyokuwa na kwaya mbili au tatu zinazoshindana kimyakimya. Mwanasosholojia wa Kanada Robert Stebbins alipendekeza mwaka 1982 kwamba tutenganishe burudani ya kupitisha muda na burudani ya dhati, ile inayodai ujuzi, ustahimilivu na miaka ya kujifunza, na inayompa mtu utambulisho. Anayetaka kuielewa tofauti hiyo na ahudhurie mazoezi ya kwaya jioni ya Jumatano, kanisa likiwa na taa moja, mwalimu akiwarudisha waimbaji wa sauti ya tatu mara ya saba kwenye mstari uleule kwa sababu wanapanda nusu hatua mapema. Hawa wametoka shambani, sokoni au ofisini. Wana sare waliyoichangia, daftari la mahudhurio, faini ya kuchelewa, na ziara ya kwenda kuimba Sumbawanga ambayo imekusanyiwa fedha mwaka mzima. Hakuna anayelipwa, na karibu kila mmoja angeudhika ukimwambia kwamba anajiburudisha.

Redio ilizaa hobi ambayo vijana wa leo huicheka bila kuijua. Mtu alinunua kadi za salamu, akaandika majina ya anaowasalimu pamoja na ujumbe mfupi, akazituma kwa posta, kisha akasubiri kwa majuma jina lake litajwe hewani. Watuma salamu walijipa majina ya utani, wakajuana nchi nzima bila kuonana, wakaunda vyama, na ilipotokea msiba waliofahamiana kwa sauti ya mtangazaji walisafiri kwenda kuzika. Watu waliozoea leo kuwa na marafiki mtandaoni wanadhani wamegundua jambo. Televisheni kwa Tanzania Bara ilichelewa hadi mwaka 1994, na kuchelewa huko kuliupa mpira wa uwanjani nafasi ambayo baadaye ulinyang'anywa. Mwaka 1986 Tukuyu Stars, timu ya mji mdogo wenye mvua nyingi na migomba mingi, ilipanda daraja na kutwaa ubingwa wa nchi msimu huohuo. Msimu wa 2013/14 Mbeya City ilipanda na kumaliza ya tatu, na kwa miezi kadhaa Uwanja wa Sokoine ulikuwa wa zambarau. Mafanikio ya namna hiyo huwatoa watu vibandani. Yakipoa, hurudi kwenye benchi na kuitazama Uingereza.

Katika maandishi, Mtanzania aliyeajiriwa ana muda wake. Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004 inaweka ukomo wa saa 45 za kawaida kwa wiki na likizo ya siku 28 kwa mwaka. Lakini kwa mama anayeuza parachichi Uyole na kijana anayeendesha bodaboda, saa 45 ni habari ya watu wengine. Muda wao wa ziada haupo baada ya kazi; umo ndani yake, kama mashimo ndani ya mkate, na simu ndiyo iliyofaa kuyajaza. Bando la siku moja, klipu ya dakika moja, mkeka uliobetiwa kwa mia tano: vyote vina kipimo cha kusubiri. Kubeti kunanisumbua kwa sababu kumegeuza hata kuangalia mpira, ambako kulikuwa raha tu, kuwa kazi nyingine ya kutafuta hela, tena kazi ambayo kwa wengi hailipi.

Wanawake waliyajua mashimo hayo zamani. Msuko wa vikapu vya milulu huko Iringa, ufumaji wa vitambaa vya makochi kwa uzi na kulabu, masweta ya watoto kwa baridi ya Makete: shughuli hizi zimefanywa kwa miaka na mikono isiyoruhusiwa kukaa bure, kwenye foleni ya zahanati, kwenye kikao cha kikoba, kwenye meza ya genge mteja akiwa hajaja. Ukimuuliza mfumaji kama hiyo ni hobi yake, atasema ni shughuli tu. Ukimuuliza kwa nini ametengua safu nne nzima kwa kosa ambalo mnunuzi asingeliona, atacheka.

Na kijiweni, chini ya mwembe au kwenye kivuli cha banda la fundi viatu, kuna ubao wa drafti wenye vizibo vya soda, vya upande mmoja vimepinduliwa na vya mwingine havikupinduliwa. Bao lenye mashimo 32 na kete 64 linataka watu wawili waliokaa, wenye alasiri nzima mbele yao. Drafti ya bodaboda imeshakubali kwamba alasiri hiyo haipo. Abiria akiita, aliyekuwa karibu kuingia kingi anainuka katikati ya mchezo, anavaa kofia ngumu na kuondoka, na yule aliyekuwa amesimama nyuma akimkosoa anakaa mahali pake, anaangalia ubao kwa sekunde chache, na kuendelea kucheza zamu ileile. Akirudi baada ya nusu saa atauliza tu: "Tumefikia wapi?"